Futikamba

Ulikuja Buguruni Malapa na kitambaa cha suruali,
rangi ya majivu, mita moja na robo,
ukasema, "Fundi, fanya hima, Ijumaa nina usaili."
Nikakupima kiuno: thelathini na moja.
Nikaandika kwa chaki kwenye ubao wa cherehani
maana daftari lilikuwa limejaa madeni ya watu.

Ijumaa jioni ukarudi. Inabana, ukasema.
Haikuwa inabana. Mkono wangu haukosei kiuno.
Nikakupima tena. Thelathini na moja.
Jumanne ukaleta shati lisilo na kasoro
ila kifungo kimoja, na uzi wake ulikatwa kwa wembe.
Nikakishona. Sikusema kitu. Sikukudai.

Miezi minane tulitembea kwa miguu hadi Ilala Boma,
nauli tulikuwa tumeila, mihogo na kachumbari.
Pembeni mwa reli ukapima nyumba yetu kwa hatua:
jiko hapa, choo kule, hapa dirisha la Mwamvua
(ndivyo ulivyoniita, kwa jina zima, kama karani).
Treni ikapita katikati ya sebule.

Barua ya posa ililetwa na mjomba wako
ndani ya leso nyeupe, na noti mbili za kufungulia mlango.
Shangazi Mwamtoro alizihesabu, akazihesabu tena.
"Hodi bila fedha ni upepo," akasema.
Mimi nilikuwa chumba cha pili na pini mdomoni
nikishona gauni la bibi harusi mwingine.
Ilipotajwa mahari, upande wenu mkanyamaza
kama watu waliosikia kitu kikitembea darini.

Ukalipa nusu. Nusu ya pili, Mwinshehe, mpaka leo
shangazi huitaja baada ya chai, kabla ya kuaga.

Gauni langu mwenyewe sikulimaliza.
Niliolewa na pini tatu pindoni,
na moja ikanichoma pale shehe alipouliza kama nimeridhia.
Walidhani nalia kwa haya.

Chumba Vingunguti, futi kumi kwa kumi.
Kitanda, tano kwa sita.
Eneo lililobaki lilikuwa la kugombania:
nani kamaliza umeme, nani kaacha ndoo wazi,
mbona mama yako anakaa wiki tatu.
Mimba nilijipima mwenyewe kila Jumapili,
nikaandika kwa chaki chini ya kiuno chako.
Siwema alipozaliwa nesi akasema sentimita arobaini na tisa.
Nilipofika nyumbani nikampima upya.
Hamsini.

Kisha kiwanda kikafungwa.
Ukakaa mlangoni na redio, mwezi, miezi sita.
Januari tulikula sare za shule za watoto wa wenzetu,
kaptula moja unga, sketi mbili mkaa na kodi.
Usiku mmoja nilikwambia neno.
Silirudii hapa.

Siku tisa ulilala kwa kaka yako Gongolamboto.
Siku ya kumi ukasimama mbele ya cherehani,
suruali ile ya majivu umeishika kwa ngumi isianguke.
"Fundi," ukasema, "ipunguze."
Ishirini na tisa.
Nilipiga goti nikajaza pini mdomoni
ili nisipate nafasi ya kuomba radhi,
nawe ukaweka kiganja kichwani kwangu
kama mtu anayejishikiza ukutani gizani.

Sasa kiwanja cha Chanika kina msingi na mchicha.
Siwema amenipita mabega, anajishonea mwenyewe,
mishono yake mibaya, haambiliki.
Futikamba imechakaa kwa kidole gumba changu,
kuanzia moja hadi tisa hazisomeki;
naanza kupima kwenye kumi, halafu natoa.
Jana nimekuzungushia: arobaini na sita.
"Toa kumi," ukanikumbusha upesi, umevuta pumzi.
Inabana, ukasema.

Safari hii kweli inabana.